Goma, Mji Uliojengwa na Njia

Goma haina mgodi wala mashamba. Mji umekaa juu ya jiwe jeusi la volkeno ambalo jembe halipenyi, na karibu kila kinacholiwa au kuchomwa humo kimetoka mahali pengine. Maharage hutoka Rutshuru, mihogo na mboga Minova, nyama na jibini Masisi. Makala hushuka kutoka pembezoni mwa hifadhi ya Virunga. Mafuta ya gari hutoka Mombasa au Dar es Salaam baada ya kuvuka mipaka miwili au mitatu. Hata hivyo mji huu, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa kituo kidogo cha askari mpakani, leo una wakazi zaidi ya milioni moja.

Wageni wakiuliza ni nini kilichowaleta watu wote hao, huambiwa ni vita. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Vita viliwasukuma watu kuelekea Goma kwa sababu tayari ilikuwa njiapanda: hapo ziwa linakutana na barabara ya kaskazini, barabara ya magharibi, mpaka wa Rwanda na uwanja wa ndege, vyote ndani ya mwendo wa saa moja kwa mguu. Na katika historia ya njiapanda hiyo kuna jambo linalojirudia, ambalo wapangaji wa barabara na wafadhili hawalipi uzito. Njia kubwa, zile zilizochorwa ofisini na kuzinduliwa kwa hotuba, ndizo zimekuwa za kwanza kuvunjika au kutekwa. Zilizoubeba mji kila mara ni njia ndogo za mabega, mitumbwi na mbao, na gharama yake imelipwa na miili ya watu wasio na kitu.

Biashara ya ziwa Kivu ni kongwe kuliko Goma. Katika karne ya 19 Wahavu wa kisiwa cha Idjwi na wa mwambao wa magharibi walikuwa wakivuka maji kwa mitumbwi, wakibadilishana mifugo, majembe na vyakula na watu wa upande wa Rwanda. Sarafu yao ilikuwa butega, vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea na Watembo wa milima ya magharibi, vikasafiri mikononi hadi mashariki ya ziwa. Hakukuwa na mfalme mmoja aliyetawala biashara hiyo yote. Masoko ya pwani ya ziwa yaliunganisha watu waliokuwa chini ya watawala tofauti, na ziwa lilikuwa uwanja wa kukutana kabla halijafanywa mpaka.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani mwaka 1894 na kupanda volkeno ya Nyiragongo. Baada yake ikaja miaka ya mabishano kati ya Ujerumani na Ubelgiji juu ya nani achukue nini, hadi mkataba wa 1910 ulipochora mpaka katikati ya ziwa na kuukata ukingo wake wa kaskazini. Wajerumani walikuwa Kisenyi, ambayo leo ni Gisenyi. Wabelgiji walijiweka upande wa pili, umbali wa kuitana. Hivyo ndivyo Goma ilivyozaliwa: kama jicho la kumtazama jirani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika hapo, njia ilikuwa mgongo wa mtu. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliyovuka kuingia Rwanda mwaka 1916 na kuteka Tabora mwezi Septemba mwaka huo yalibebewa chakula na risasi na wapagazi; kwa kampeni yote ya mashariki waliandikishwa wapatao 260,000. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa, na majina yao hayamo katika minara ya ukumbusho. Wao ndio mwanzo wa historia ya usafirishaji wa Kivu, ingawa vitabu vingi huanza na gari.

Baada ya vita wakoloni walitaka reli. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 na ingefika Kampala mwaka 1931, na Wabelgiji hawakupenda kuona mazao ya Kivu yakielekea bandari ya Waingereza. Wakajenga reli fupi kutoka mwambao wa Tanganyika, karibu na Uvira, kupandisha bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Hapo milima ikawashinda. Reli haikufika ziwa Kivu kamwe, na kabla ya uhuru ilikuwa imeshafungwa. Mzigo ukaendelea kupakuliwa kwenye behewa, kupakiwa kwenye lori hadi Bukavu, kisha kupakiwa tena kwenye meli ya kwenda Goma.

Kilichojengwa kikabaki ni barabara ya kaskazini. Inatoka Goma, inapita kati ya Nyiragongo na Nyamulagira, inafika Rutshuru karibu kilomita 70 mbele, inakata tambarare ya Rwindi ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, kisha inapanda kona za Kabasha kuelekea Kanyabayonga, Lubero na Butembo. Ilichimbwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa. Kahawa ya walowezi ndiyo iliyoihitaji, na kwa kuwa walowezi walihitaji pia vibarua, serikali iliunda mwaka 1937 chombo cha kuwahamisha Wanyarwanda kwenda kufanya kazi katika milima ya Masisi. Ugomvi wa ardhi na uraia unaoitesa Kivu hadi leo ulisafiri kwenye barabara hizohizo za kahawa.

Uhuru ulipofika, Goma ilikuwa mji mdogo wa bandari na hoteli, chini ya kivuli cha Bukavu. Lakini tayari uso wake ulikuwa umeelekea mashariki. Reli ya Uganda ilikuwa imesogea hadi Kasese mwaka 1956, siku chache tu za lori kutoka Kivu. Ili bidhaa itoke Goma ifike bandari ya Matadi, ilibidi ipite barabara, mto na reli. Mombasa ilikuwa mbali, lakini ilifikika. Mfanyabiashara wa Goma akajifunza kuhesabu kwa shilingi za Kampala na bei za Mombasa, huku bendera na kodi vikitoka Kinshasa. Ramani ya siasa na ramani ya biashara ziliachana hapo, na hazijarudi kukutana. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa wachuuzi wa Goma ilikuwa kama serikali imegundua jambo ambalo wao walikuwa wakiliishi tangu enzi za babu zao.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyonifanya nitake kuiandika historia hii. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitaifisha biashara na mashamba ya wageni, na bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huohuo. Mashamba yaliyokabidhiwa kwa wateule yaliporomoka, malori yakakosa vipuri, barabara zikaanza kuoza. Serikali ikageukia angani: njia ya kurukia ndege ya Goma ilikuwa ndefu, na nyama ya ng'ombe wa Masisi ikawa inapakiwa humo kwenda kulishwa Kinshasa, mji ambao hakuna lori lingeweza kuufikia kutoka Goma. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa mikoa mitatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Uwanja wa ndege ulichangia sana ushindi huo.

Mkulima wa vijiji kama Kibumba au Rusayo, hata hivyo, hakuhusika na ndege. Kabichi zake zilikuwa zinaoza kilomita 20 kutoka sokoni. Katika miaka hiyo, kama wazee wa hapo wanavyosimulia, ndipo chukudu ilipoenea.

Aliyewahi kuiona hahitaji kuelezwa, lakini wengi wa pwani hawajaiona. Ni ubao mrefu wa mkaratusi kati ya magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu, na mbele usukani wenye pembe mbili. Mwendeshaji hupiga goti moja kwenye ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Mteremkoni hupanda na kuuachia mlima kazi. Breki ni kipande cha raba kinachokanyagwa dhidi ya gurudumu. Inabeba kilo mia kadhaa: magunia ya viazi, makala, maji, saruji, mbao, hata chukudu nyingine. Kutoka miteremko ya Nyiragongo inashuka mjini kwa kasi ya kutisha, na jioni kijana anaisukuma kurudi mlimani, au anashika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, jambo lililowaua wengi.

Uchumi wake ni wa hekima kubwa. Lori haliondoki mpaka lijae, linakunywa mafuta yaliyosafiri kutoka Bahari ya Hindi, na likiharibika kipuri kinasubiriwa kwa wiki. Chukudu haina kitu cha kigeni isipokuwa tairi ambalo mwenye gari ameshalitupa. Fundi yuko kijijini, mti uko kijijini, na anayeimiliki mara nyingi ndiye anayeisukuma. Kwa hiyo mafuta yalipopanda bei au mpaka ulipofungwa, kabichi ya Kibumba iliendelea kushuka. Na pesa ilirudi mlimani ilikotoka: vijana walilipa ada za shule na mahari kwa chombo hicho, wakanunua viwanja. Enzi ya Rais Joseph Kabila, mji uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko mkubwa wa barabara. Katika miji mingi ya Afrika sanamu ni ya jenerali au rais. Goma ilimpandisha juu msukuma mzigo, na naona ni uamuzi wa haki kuliko yote ambayo mji ule umewahi kufanya. Pikipiki za bei nafuu na baadaye zile za magurudumu matatu zimeipunguzia kazi, lakini hazijaiondoa.

Julai 1994 dunia iliijua Goma kwa sababu nyingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka katika siku chache, na kipindupindu kikaanza kuwaua juu ya jiwe ambalo hata kaburi halikuchimbika. Uwanja wa ndege uliokuwa wa nyama na abiria ukawa kitovu cha misaada ya dunia nzima. Nyumba zilipangishwa kwa dola, madereva na wakalimani wakapata kazi, na uchumi wa mashirika uliozaliwa mwaka ule haujaondoka. Kisha likaja jeshi la waasi wa AFDL mwaka 1996, na tangu 1998 RCD, waasi walioifanya Goma makao yao.

Chini yao anga ilipata kazi mpya. Bei ya madini ya koltani ilipanda ghafla mwaka 2000, na miaka michache baadaye madini ya kasiteriti ya Bisie, katika msitu wa Walikale, ikafuata. Barabara ya Goma–Walikale haikupitika. Wapagazi wakabeba magunia ya kilo 50 kichwani na mgongoni kupita msituni kwa siku mbili, hadi palipo na gari. Kisha ndege ndogo zikatua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, zikapakia na kurudi Goma. Ni barabara iliyogeuzwa kiwanja cha ndege kwa kuwa haikuwa na faida nyingine. Majumba yalichomoza katika mtaa wa Himbi na ukingoni mwa ziwa. Aliyebeba gunia kutoka Bisie alikuwa akifanya kazi ileile ya mpagazi wa 1916, ila sasa alitozwa ushuru na kila mwenye bunduki aliyekutana naye.

Ushuru huo ni sura inayojitegemea. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya makundi ya silaha, na vya idara za serikali yenyewe. Watu huviita bariyeri. Anayepita na gunia la maharage analipa, na mara nyingi anayerudi mikono mitupu analipa pia. Asiyeshika jembe wala mzani anajipatia sehemu ya kila mavuno kwa kuweka mti katikati ya njia. Kwa hiyo mfadhili anapotangaza kwamba barabara mpya itashusha bei ya chakula, swali la kwanza la mkulima ni nani atakaa kando yake. Lami bila ulinzi wa sheria huwarahisishia wenye vizuizi kazi, kwa kuwa magari yanayopita yanaongezeka.

Volkeno nayo ina neno lake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na mito ya lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikiigawa Goma sehemu mbili. Watu wapatao 120,000 walipoteza makazi, na eneo la biashara lilizikwa. Lava iliifunika ncha ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, na ule urefu uliokuwa fahari ya mji ukapungua. Mji ulitangazwa kuwa hatari, kambi zikatayarishwa ng'ambo, nchini Rwanda, lakini baada ya siku chache wengi wa waliokimbilia Gisenyi walirudi kutembea juu ya jiwe lenye moto. Mtu anayeishi kwa njiapanda hawezi kuhama na kuiacha.

Kufupishwa kwa njia ya ndege kulidai roho miaka sita baadaye. Aprili 15, 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa lami na kuangukia Birere, mtaa wa maduka na vibanda uliosongamana upande wa kusini. Wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa watu waliokuwa chini wakifanya biashara zao. Birere ilikuwa imesogea hadi hapo kwa sababu uwanja wa ndege ndio ulioleta wateja.

Njia iliyolisha Goma kuliko zote katika miaka hiyo, naamini, ni fupi kabisa: mita chache za Petite Barrière, kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Birere na Gisenyi. Kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wengi wao akina mama wenye mzigo kichwani au mgongoni: nyanya, vitunguu na maziwa vikiingia, vitenge na mafuta ya kupikia vikitoka. Watu wenye ulemavu walivusha shehena kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, zilizogeuzwa kuwa magari ya mizigo. Karatasi ya siku moja iitwayo jetoni ilitosha kuvukia. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na mitaji ya akina mama hao, mingi ikiwa ni ya dola chache, ililiwa majumbani ndani ya wiki. Waliookoka walikuwa wale walioungana, wakakusanya oda zao na kuzivusha pamoja kwenye lori moja, lori ambalo liliruhusiwa kupita wakati mwenye kikapu amekatazwa.

Juni 2021 Rais Museveni wa Uganda na Rais Tshisekedi wa Kongo walikutana Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara kilomita 223, na kati ya hizo 89 zilikuwa za Bunagana–Rutshuru–Goma. Hesabu ya kibiashara ilikuwa sahihi: Goma ingeunganishwa kwa lami moja kwa moja na Kampala. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Juni 2022, waasi wa M23 waliiteka Bunagana. Mwishoni mwa Oktoba walichukua Rutshuru na Kiwanja, na barabara ya kaskazini ikafungwa kwa Goma. Aprili 2024 wakachukua Rubaya na koltani yake. Februari mwaka huohuo walikuwa wameshaikata barabara ya Sake–Minova, njia ya mwisho ya nchi kavu ya kuletea chakula kutoka ndani ya Kongo.

Mji wenye watu zaidi ya milioni moja, pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi wa vita katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, ukabaki na Rwanda, ndege na ziwa. Minova iko ukingoni mwa maji. Mazao yote yaliyokuwa yakipanda malori yakahamia kwenye boti za mbao zilizotia nanga Kituku, soko la bandari la magharibi mwa mji, na watu wakapanda juu ya magunia. Hakuna aliyeziongeza boti kwa kadiri ya barabara iliyopotea. Makoti ya kuokolea yalikuwa machache au hayakuwepo kabisa.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka mbele ya Kituku. Haikuwa katikati ya ziwa. Waliokuwa nchi kavu wakisubiri mizigo na ndugu zao waliiona ikilala ubavu na kuzama. Makumi ya watu walifariki, wengi wakiwa wachuuzi na watoto wao. Kila mara nikisoma taarifa zinazosema chanzo ni boti kujaza mno, najiuliza kwa nini sentensi hiyo huishia hapo. Boti ilijaa kwa sababu barabara isiyofika kilomita 60 ilikuwa imefungwa kwa miezi minane, na tumbo la mji halikungoja.

Januari 2025 Minova ilianguka, kisha Sake, na mwisho wa mwezi M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa katika mapigano hayo. Barabara za Rutshuru, Masisi na Minova zilipofunguka tena, sasa zote zikiwa upande mmoja wa mstari wa vita, chakula kilianza kushuka kama zamani, chukudu na malori yakapita Kibumba. Lakini benki za mji zilikuwa zimefunga milango, mishahara ya serikali haikupatikana, na mashirika mengi yalikuwa yamepunguza kazi. Katika masoko ya Kituku na Virunga magunia yalikuwepo, na akina mama waliokuwa wakiyanunua kwa jumla walirudi nyumbani bila mzigo, kwa kuwa hawakuwa na fedha mkononi wala mahali pa kuzitoa.